Bia ya nyumbani imenyamaza: nitajuaje kama bado inachachuka?

Mgeni wa Leeds (Jumatano jioni)

Wanajukwaa, salaam. Ninaishi Leeds, Uingereza, ambako tangu mwaka 1963 mtu anaruhusiwa kupika bia nyumbani kwake bila leseni mradi asiiuze, na Jumamosi iliyopita nilipika bia yangu ya kwanza ya shayiri. Nilitumia makopo mawili ya shira ya kimea, kila moja la kilo 1.5, yaliyokwisha kutiwa hopi (maua yanayoipa bia uchungu) kiwandani. Niliyeyusha shira hiyo katika maji ya moto, nikaongeza maji baridi hadi zikatimia lita 20, nikasubiri joto lishuke hadi nyuzi 20, kisha nikanyunyiza pakiti moja ya hamira kavu ya bia yenye gramu 11. Ndoo nimeifunika kwa mfuniko wenye kizibo cha maji, yaani kile kimrija cha plastiki kinachoruhusu gesi itoke bila hewa ya nje kuingia. Kabla ya kutia hamira nilipima kwa haidromita, kile kifaa kinachoelea kinachoonyesha uzito wa kimiminika ukilinganishwa na wa maji (1.000), nikapata 1.045.

Jumapili mchana kizibo kilianza kububujika kwa kasi, nami nikafurahi. Jumatatu usiku kikanyamaza, na mpaka sasa hakijatoa kiputo hata kimoja. Kwa kuwa ndoo inapitisha mwanga, ninaona mstari wa rangi ya kahawia umeganda juu kidogo ya usawa wa bia, na povu lililokuwapo limeshuka. Nikikaribia mfuniko ninapata harufu hafifu ya mayai. Nimekulia Uchagani, na ninavyokumbuka mimi mbege, pombe yetu ya ndizi, inapochemka husikika hata kabla hujaingia chumbani, kwa hiyo ukimya huu unanitia shaka. Naomba kujua kama bia hii imemaliza kuchachuka, imekwama au imeharibika. Kama inafaa niongeze hamira au sukari. Na kama ninaweza kuitia chupani Jumamosi hii.

Pipa Tupu

Pole, ndugu. Siku mbili za kububujika ni chache mno kwa lita 20. Kwa maoni yangu hamira yako imekufa kwa baridi ya huko. Chukua kijiko cha hamira ya maandazi na nusu kilo ya sukari, vikoroge humo ndani, ufunike tena, na kufikia kesho utasikia inavyonguruma. Pombe isiyobubujika ni kama chungu kisicho na moto chini yake, na kukisubiri hakutakusaidia.

Fundi Kimea

Mleta mada, nakusihi usiongeze chochote kwa sasa, na ndugu Pipa Tupu aniwie radhi kwa kumpinga waziwazi. Sukari hiyo itabubujika kweli, kwa sababu hamira itapata chakula chepesi, lakini bubujiko hilo halitakuambia lolote kuhusu sukari ya kimea ambayo ndiyo tunayoiulizia. Nusu kilo katika lita 20 inaongeza takriban pointi 10 kwenye kipimo cha haidromita (pointi moja ni 0.001) na zaidi ya asilimia 1 ya kileo, huku ikiiacha bia nyepesi mdomoni. Ama hamira ya maandazi, hiyo ni ya jamii ileile na hamira ya bia yako, Saccharomyces cerevisiae, na inaweza kutengeneza kileo, ila imeteuliwa kwa kuumua unga. Haina tabia ya kutulia chini vizuri, na ladha inayoiacha ni suala la kubahatisha.

Kizibo cha maji kinakuambia jambo moja tu: kwamba gesi imepita hapo. Bia ya lita 20 inayoanzia 1.045 na kuishia karibu na 1.011 hutoa zaidi ya lita 300 za kaboni dayoksaidi kwa jumla, na gesi hiyo yote hutafuta njia iliyo rahisi kuliko zote. Mwanzoni inatoka kwa wingi hata kama mfuniko una upenyo, hivyo kizibo kinacheza. Kasi ikipungua, upenyo mdogo tu kwenye ukingo wa ndoo unatosha kuipitisha yote, na kizibo kinanyamaza ilhali hamira bado iko kazini. Kinyume chake nacho hutokea. Bia iliyokwisha kuchachuka zamani, ukiihamisha kutoka chumba baridi kwenda chumba chenye joto, itabubujika kwa sababu gesi iliyoyeyuka ndani yake inatoka, na mwenye bia atashangilia uchachukaji ambao haupo. Ndiyo maana mimi sihesabu viputo kwa dakika, ingawa najua karatasi nyingi za maelekezo zinaagiza hivyo.

Mstari wa kahawia uliouona ni ushahidi mzuri zaidi. Hayo ni mabaki ya povu la juu, mchanganyiko wa hamira, protini na uchungu wa hopi, ambalo hupanda hamira inapofanya kazi kwa nguvu na kushuka nguvu hizo zinapopungua. Kwa hiyo tunajua bila shaka kwamba bia yako ilianza. Harufu ya mayai ni salfa inayotolewa na hamira yenyewe. Aina nyingine hutoa nyingi, nyingine kidogo, na mara nyingi hupungua yenyewe.

Kilichobaki ni kujua imefika wapi, na hilo atakujibu haidromita peke yake. Toa kiasi cha kujaza mrija wa kipimo kupitia bomba la ndoo au kwa pampu ndogo iliyosafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Izungushe haidromita kwa vidole ili viputo vilivyoing'ang'ania vidondoke, kwa maana vikibaki vinaiinua na kukupa namba kubwa kuliko ukweli, kisha soma usawa wa chini wa kimiminika, si pale kinapopanda ukingoni. Soma pia joto la sampuli. Haidromita nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20, na katika sampuli ya nyuzi 30 hukosea kwa pointi 2 hadi 3. Kabla ya yote itumbukize katika maji safi ya nyuzi 20 uone kama inasoma 1.000, kwa kuwa karatasi ya namba iliyomo ndani ya kioo huweza kuteleza. Sampuli usiirudishe ndooni. Ionje, kisha utuletee namba, joto na ladha.

Mwana wa Kibosho

Fundi amesema vizuri, lakini naona si haki tukizungumza kana kwamba kabla ya haidromita watu walikuwa wanapika gizani. Mama zetu wa Kilimanjaro wanapika mbege kwa ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichachuke siku kadhaa, kisha zikachujwa na kuchanganywa na uji wa kimea cha ulezi, pamoja na gome la msesewe kwa ajili ya uchungu, na wanajua saa ya kila hatua bila kusoma namba yoyote. Wanatazama povu kama ni zito au limekuwa jepesi na lenye matundu makubwa. Wananusa: harufu ya ndizi tamu hugeuka kuwa kali inayopanda puani. Wanaweka sikio kwenye pipa. Zaidi ya yote wanaonja, kwa sababu utamu unapopungua na ukali ukapanda, ulimi unapima jambo lilelile ambalo haidromita inalipima, yaani sukari iliyobaki.

Hata hivyo, mleta mada, kuna mambo mawili ambayo yanazuia kumbukumbu ya mbege isikufae moja kwa moja. Kwanza, mbege huchachuka kwa hamira ya porini pamoja na bakteria wa asidi ya laktiki, hivyo ukakasi wake wa uchachu ni sehemu ya sifa yake. Ukiupata ukakasi huo katika bia ya shayiri ya aina uliyopika, ujue umeingiliwa. Pili, mbege hunywewa ikiwa bado hai. Hakuna anayengoja imalize, na hakuna anayeifunga kwenye chupa ya kioo. Mama akikosea kwa nusu siku, wanywaji watasema ni changa au imekuwa kali, basi. Wewe unataka kuziba chupa, na kwa kazi hiyo ulimi hautoshi, kwa kuwa uchungu wa hopi unaficha utamu, na tofauti inayoweza kupasua chupa ni ndogo kuliko inayoweza kuonjwa.

Mgeni wa Leeds (Alhamisi usiku)

Nawashukuru nyote. Nimepima kwa utaratibu ulioelezwa. Katika maji safi haidromita imesoma 1.000, na katika bia imesoma 1.020. Kipimajoto kilichobandikwa kwenye ndoo kinaonyesha nyuzi 15. Chumba kinapata joto mchana, lakini mfumo wa kupasha nyumba huzimwa usiku. Nilipobonyeza mfuniko kwa kiganja upande mmoja, kizibo kilitoa viputo viwili, nilipouachia kikanyamaza, kwa hiyo upenyo upo kama Fundi alivyosema. Ladha ni tamu kiasi, yenye uchungu, haina uchachu. Kuna jambo linanisumbua: juu ya bia vinaelea visiwa vidogo vyeupe vyenye rangi ya maziwa. Je, ni ukungu?

Bi Maabara

Kaka, nianze na visiwa, kwa sababu nadhani ndivyo vitakavyokunyima usingizi. Hamira iliyoshikamana huelea juu kama vipande laini vya rangi ya maziwa, vyenye kingo zisizo na umbo maalumu, na ukitikisa ndoo kidogo huvunjika na kuzama. Ukungu una manyoya, mara nyingi una kijani, bluu au weusi, na hukaa pakavu juu ya usawa wa bia. Bakteria na hamira za porini wanaopenda hewa hutandaza utando mwembamba, mweupe, wenye mikunjo, na wakati mwingine viputo vikubwa vinanaswa chini yake kana kwamba vimefunikwa kwa unga. Ulichoeleza kinafanana na cha kwanza. Tikisa ndoo taratibu bila kuifungua, kisha tazama.

Katika kutafuta maambukizi, pua husaidia kuliko macho. Harufu ya siki inaashiria bakteria wa asidi ya asetiki, na hao wanahitaji hewa, ndiyo sababu mfuniko usifunguliwe ovyo baada ya povu kushuka. Harufu ya tofaa bichi ni asetaldehaidi, ambayo hamira huitengeneza njiani ikielekea kwenye kileo, hivyo mara nyingi maana yake ni kwamba bia bado changa. Harufu ya siagi ni daiasetili, nayo hamira yenye afya huifyonza tena yenyewe mwishoni, hasa ikipata joto. Hizi mbili za mwisho hazidai dawa yoyote isipokuwa kuiacha hamira iendelee.

Kama una karatasi za kupimia asidi zinazosoma kwa kina kati ya 4 na 6, zitumie. Maji ya kimea kabla ya kuchachuka huwa karibu na pH 5.2 hadi 5.5 (kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi), na bia ya kawaida hushuka hadi kati ya 4.0 na 4.6. Mshuko huo hutokea mapema, nao, pamoja na kileo na hopi, ndio unaowazuia vijidudu vya magonjwa kustawi. Ukikuta bado ni 5.2 baada ya siku tatu, hapo kuna sababu ya kuhofu. Ukikuta imeshuka chini ya 3.8 katika bia kama yako, bakteria wa asidi wameingia. Kwa kuwa wewe umetoka 1.045 hadi 1.020, sitarajii lolote kati ya hayo.

Fundi Kimea

Namba yako inazungumza vizuri. Kutoka pointi 45 hadi 20 ni kusema kwamba hamira imekula takriban asilimia 55 ya kile ambacho haidromita inakiona. Hamira nyingi za bia ya aina hii hula asilimia 70 hadi 80, kwa hiyo tungetarajia kuishia karibu na 1.011, ingawa shira za makopo mara nyingi huishia juu zaidi, pengine 1.014, kwa sababu zina sukari ndefu ambazo hamira haiwezi kuzivunja. Kwa vyovyote vile, 1.020 kwenye nyuzi 15 haijamaliza. Haijafa pia. Imepoa. Uchachukaji wenyewe hutoa joto, na siku ya kwanza ndoo huwa na joto kuliko chumba kwa nyuzi kadhaa. Kazi ikipungua joto hilo hutoweka, usiku wa baridi unaingia, na hamira nyingi za bia za aina hii huanza kujikunja na kuzama chini kabla hazijamaliza chakula.

Hamishia ndoo mahali penye nyuzi 19 au 20, na muhimu zaidi ni pasipopanda na kushuka kila usiku. Izungushe taratibu huku mfuniko umefungwa ili hamira iliyolala chini iinuke. Usikoroge kwa mwiko. Hewa ilihitajika kabla ya kutia hamira, kwa kuwa hamira huitumia kujenga ngozi ya seli zake inapozaliana, lakini ikiingia sasa itaipa bia ladha ya karatasi iliyolowa.

Wakati huohuo fanya jaribio ambalo wapishi wachache hulifanya, nami nashangaa kwa nini. Chukua kikombe kikubwa cha bia hiyo, tia hamira kavu nyingi kuliko inavyohitajika, iweke kwenye chupa safi iliyofunikwa kwa karatasi ya foili bila kuzibwa, uiache mahali penye nyuzi 25 au zaidi, na uitikise kila unapopita. Kwa siku mbili hivi itakuwa imekula kila kinacholika. Namba itakayoonekana humo ndiyo mwisho wa bia yako, kwa shira yako na si kwa kitabu cha mtu mwingine. Ikisoma 1.012 na ndoo inasoma 1.020, ndoo imekwama. Ikisoma 1.019, basi shira yenyewe ndiyo iliyoishia hapo, na hakuna hamira ya aina hiyo itakayokusaidia.

Pipa Tupu

Fundi, nakubali somo la gesi. Lakini nina swali la dhati. Kama hamira iliyobaki itaendelea kula, kwa nini asiitie chupani Jumamosi hiyohiyo ikiwa 1.020, imalizie humo humo? Si ndivyo bia inavyopata gesi?

Fundi Kimea

Swali zuri, na hapa ndipo watu huumia. Kila pointi moja inayoshuka ndani ya chupa iliyozibwa huongeza takriban nusu ujazo wa gesi kwa kila ujazo wa bia. Bia ya kawaida hubeba ujazo wa gesi kama 2.5. Kutoka 1.020 hadi 1.012 ni pointi 8, yaani ujazo wa gesi 4 juu ya ule uliokwishayeyuka humo, na hiyo ni kabla hajatia sukari ya chupani, yaani ile kidogo inayotiwa wakati wa kuziba chupa ili bia ipate gesi. Chupa za kawaida za bia hazikutengenezwa kwa shinikizo la namna hiyo. Zinapasuka, tena mara nyingi pale mtu anapozishika. Ndiyo sababu kanuni ni kupata namba ileile mara mbili, kwa tofauti ya siku mbili au tatu, katika joto la kawaida la kuchachukia. Namba moja, hata ikiwa ya kupendeza, haithibitishi kwamba imesimama.

Bi Maabara

Niongeze tahadhari moja upande wa pili, maana watu hufurahia namba ndogo bila kuuliza. Bia iliyotarajiwa kuishia 1.012 ikiendelea kushuka polepole kwa wiki nyingi hadi 1.004 au chini, hiyo nayo haichachuki ipasavyo. Ipo hamira iitwayo diastaticus, ambayo hutoa kimeng'enya kinachovunja zile sukari ndefu alizozitaja Fundi, na huweza kuingia kupitia mpira wa bomba usiosafishwa vizuri. Pia mtu akikopesha refraktomita, kile kipimo cha tone moja kinachotazamwa kwenye mwanga, asiiamini baada ya kuchachuka kuanza. Kileo huipotosha na namba husomeka juu kuliko ilivyo mpaka irekebishwe kwa hesabu.

Mgeni wa Leeds (Alhamisi iliyofuata)

Natoa taarifa. Visiwa vilizama nilipotikisa ndoo. Niliihamishia kwenye kabati lenye tangi la maji ya moto, ambako joto limesimama kwenye nyuzi 20. Kikombe cha jaribio kilisoma 1.012. Ndoo ilisoma 1.013 Jumapili, 1.012 Jumanne, na leo ni 1.012 tena. Kizibo hakikutoa kiputo hata kimoja kwa muda wote huo. Harufu ya mayai imetoweka, na bia imeanza kung'aa kutoka juu. Naomba mwongozo wa sukari ya chupani.

Fundi Kimea

Hiyo imemaliza. Kwa hesabu ya kuzidisha tofauti ya namba mbili kwa 131.25, una kileo cha takriban asilimia 4.3. Kwa bia iliyokaa kwenye nyuzi 20, gramu 5 hadi 6 za sukari kwa lita zinatosha. Usipige hesabu ya lita 20, bali ya kiasi utakachokipata baada ya kuacha mashapo chini; kwa lita 19 ni kama gramu 105. Ichemshe sukari katika maji kidogo, ipoze, itangulize kwenye ndoo safi, kisha uhamishie bia juu yake bila kuirusharusha, ili ichanganyike sawasawa na pasiwe na chupa iliyopata mara mbili.

Moja kati ya chupa hizo iwe ya plastiki, ile ya soda, ijaze kama nyingine na uziweke zote mahali penye joto. Ibonyeze kila siku. Ikiwa ngumu kama chupa ya soda ambayo haijafunguliwa, gesi imetosha, nazo za kioo zimefika hapohapo, kwa hiyo zihamishie kwenye baridi. Ikiendelea kukakamaa hata baada ya wiki mbili, fungua chupa moja ya kioo juu ya sinki ukiwa umeifunika kwa taulo nene, na kama inamwagika kwa nguvu, legeza vifuniko vyote siku hiyohiyo.